Baridi Tumboni

Bi Yueh-hsia, muuza chapati za mayai katika mji wa Tainan, alikuwa na jibu moja kwa maumivu yote ya hedhi: barafu. Msichana akinywa chai ya barafu, baridi humshukia kwenye mfuko wa uzazi ikaganda humo. Ndivyo alivyoambiwa na mama yake, na mama yake naye aliambiwa hivyo hivyo, na katika wote hao hakuna aliyewahi kuuliza wamejuaje.

Basi binti yake Ssu-han, tangu avunje ungo akiwa na miaka kumi na mitatu, kila alipojikunja kitandani aliulizwa amekunywa nini. Akisema hajanywa kitu, mama alipekua mkoba wake akitafuta risiti ya duka la vinywaji. Kisha likaja bakuli la maji ya moto ya tangawizi na sukari guru, pamoja na hotuba. Binti alipoingia chuo malalamiko yakakoma kabisa, na mama akawatambia wateja wake: "Wangu nimemponya mwenyewe. Nyie wapeni tu mabinti barafu, mtakuja kulia."

Aliyekuja kulia ni yeye. Ssu-han alianguka ofisini akiwa na miaka ishirini na saba, na sasa walikuwa wamekaa mbele ya daktari, mwanamke wa makamo, wakitazama picha. Nyama inayofanana na ile ya ndani ya mfuko wa uzazi ilikuwa imeota nje yake, ikaushika utumbo. Ovari ya kushoto ilikuwa imemezwa na uvimbe wa damu nzito. Itabidi apasuliwe. Ya kulia watajaribu kuiokoa, ila daktari hakuahidi.

"Barafu hizo," Bi Yueh-hsia akasema. "Nilimkanya."

Daktari akamwambia kwa upole kwamba barafu haihusiki, wala mtu hajiletei ugonjwa huu kwa kinywaji. Akauliza maumivu yalianza lini.

"Mwaka huu. Utotoni yalikuwepo kidogo, nikayatibu."

"Miaka kumi na minne," Ssu-han akasema. "Hayajakosa hata mwezi mmoja."

Mama akamgeukia. "Mbona hukuniambia, mwanangu?"

"Nilikwambia miaka mitano, Ma. Baadaye nikaona afadhali niumwe tu, kuliko niumwe na nisimangwe."

Daktari aliandika, kisha akauliza nani atakaa na mgonjwa wodini, maana lazima awepo mtu wa kumhudumia usiku na mchana.

"Hsin-ju, ninayekaa naye nyumba moja," Ssu-han akajibu. "Yeye anajua namna ya kunishika yakinizidi."

Bi Yueh-hsia alikuwa ameshafungua mdomo kusema ni yeye. Akaufunga. Alijuta, na kilichomuumiza zaidi ni kwamba binti hakuwa na hasira hata kidogo. Alikuwa tu ameshazoea kuumwa bila mama.