Upande wa Kushoto wa Gari

Barua ya kampuni ya bima ilipofika, shemeji yangu aliisoma akiwa amesimama mlangoni, kisha akanipa mimi niisome kwa sauti, kana kwamba ikitoka mdomoni mwa mtu mwingine ingesema jambo jingine. Haikusema. Ilisema gari lake, lenye umri wa miaka kumi na saba, limehesabiwa kuwa hasara kamili. Gharama ya kulitengeneza imezidi thamani yake. Kampuni italipa thamani hiyo na kuyachukua mabaki.

"Mabaki," akasema. "Mgonjwa bado anapumua, wao wameshaleta jeneza."

Dada yangu alikuwa chumbani, mlango uko wazi, mkono wa kulia umefungwa plasta hadi kwenye kiwiko. Alisikia kila neno.

Shemeji ni fundi wa majokofu. Mtaa mzima humwita Fundi Baridi, na wapo watu waliokaa naye jirani miaka kumi bila kulijua jina lake lingine. Ni mtu asiyekubali kwamba kitu kimekufa. Friji ambalo mafundi watatu wamelikataa, yeye atalibeba, atalilaza uani, atalizunguka siku mbili akipiga mluzi, siku ya tatu linanguruma. Gari lile lilikuwa hivyohivyo. Alilinunua likiwa limeshatembea sana, akalibadilisha injini, akalipaka rangi upya, akalishonea viti. Dada alikuwa akiliita mke mwenza. "Leo ni zamu ya mwenzangu," alikuwa akituambia kila Jumapili asubuhi, mumewe akiwa kule nje na ndoo na kitambaa. Tulikuwa tukicheka.

Dada ni msusi. Visuko vile vinavyoitwa vya mbegu za ulezi, vidogo hata huoni njia, ndivyo vilivyomjengea jina. Watu walikuwa wakipanga foleni wiki mbili kabla ya harusi. Na siku ya ajali walikuwa wanatoka harusini, alikokwenda kumsuka bibi harusi na dada zake wanne. Mvua ilikuwa ikimwagika, kioo kimejaa ukungu, saa kumi za jioni ni kama magharibi. Dada akamwambia, "Simama kidogo, mvua ipungue." Yeye akajibu, "Gari hili linanijua." Mbele kidogo akamwambia tena. Kwenye kona ya kalvati gari likateleza, likaenda kuupiga ukuta kwa pembe ya mbele, upande wa kushoto, ule aliokaa dada. Shemeji alitoka mzima, hata mkwaruzo hana. Dada alivunjika kifundo cha mkono, na vidole viwili, cha mwisho na cha pembeni yake, vikawa kama vya mtu mwingine.

Hayo yote nilisimuliwa na dada hospitalini. Shemeji hakuyasimulia. Yeye alikuwa akisema tu "ile mvua".

Mimi ni karani wa mahakama. Kazi yangu ni kuandika maneno ya watu wanaogombana. Kwa hiyo lilipoanza hili la bima, mzigo wa barua ukawa wangu. Jioni alikuwa akija kwangu na karatasi zake: orodha ya spea, bei za magari kama lile alizozikusanya kwa wauzaji, picha alizopiga mwenyewe akiwa amelala chini ya gari, amevaa koti la mvua. Niliandika barua ya kwanza, nikaandika ya pili. Kampuni ikajibu zote kwa adabu, na jibu likawa lilelile.

"Twende tukawaone uso kwa uso," akasema.

Ofisa wa madai alikuwa mwanamke wa makamo, miwani yake ikining'inia kifuani kwa kamba. Mezani pake palikuwa na faili letu na bakuli la pini. Alitukaribisha vizuri.

"Mkaguzi wenu alikaa dakika ngapi pale gereji?" shemeji akamuuliza hata kabla hatujakaa sawasawa.

"Dakika zake sina, baba. Nina picha zake."

"Picha kumi na moja. Zote za usoni, ya chini hakuna hata moja. Mimi nikija kwako kuangalia friji, nikaupiga picha mlango, nikakwambia katupe, utanilipa?"

Yule mama alitaka kucheka, akajizuia. "Nisingekulipa."

"Basi."

Alivaa miwani, akafungua mkataba, akamsomea pole pole. Mwenye gari asiporidhika anaweza kuleta mkaguzi wake mwenyewe, ndani ya siku kumi na nne. "Lete ripoti. Nitaisoma mwenyewe, hilo nakuahidi. Zaidi ya hapo sikuahidi kitu."

Tulipotoka, shemeji alikuwa amechangamka kama mtu aliyeshinda tayari. Alinishika bega. "Umeona? Hawajaangalia chini. Hili gari ni zima, shemeji. Likinyooshwa pua tu, wiki mbili, dada yako ataliona na kila kitu kitarudi kama zamani."

Nilimtazama. Kila kitu, alisema. Nikajifanya natafuta nauli mkobani.

Mkaguzi tuliyempata alikuwa mhandisi wa kike, mfupi, mwenye ofisi ya chumba kimoja juu ya duka la rangi. Alikuja gereji asubuhi na begi la turubai, akavaa ovaroli juu ya nguo zake. Fundi wa bodi, aliyekuwa amemuahidi shemeji kwamba atalinyoosha, alisogea pembeni mikono kifuani. Mhandisi hakuipa boneti hata dakika moja. Aliagiza gari liinuliwe, liwekwe juu ya stendi nne, akahakikisha limekaa sawa. Kisha akaingia chini na timazi, ile kamba yenye risasi nchani. Kila alipoiteremsha kutoka kwenye tundu la chesi, fremu ya chini ya gari, alitia alama ya chaki sakafuni. Alipomaliza, gari likateremshwa, likasukumwa kando, zikabaki alama tupu kwenye saruji.

"Njoo ushike futi, baba," akamwambia shemeji. "Kutoka kulia mbele hadi kushoto nyuma. Halafu kushoto mbele hadi kulia nyuma. Vipimo viwili hivi vinatakiwa vilingane. Vikipishana kidogo sana, tunasamehe."

Walipima. Mhandisi akaandika. Wakapima tena, akaandika chini yake.

"Milimita thelathini na moja," akasema.

Shemeji alikwenda kwenye mfuko wake akaleta futi yake mwenyewe, ile anayopimia mabomba. Akapiga magoti, akapima peke yake. Akarudia. Mara ya tatu alishikilia ncha ya futi pale kwenye chaki muda mrefu, kidole gumba kimekuwa cheupe. Namfahamu: watu anaweza kuwabishia mchana kutwa, lakini kipimo hajawahi kukibishia.

"Tukiifunga mnyororo tukaivuta itarudi," fundi wa bodi akasema kwa sauti ndogo.

"Itarudi," mhandisi akajibu. "Kwa macho itaonekana imenyooka kabisa. Ila chuma kilichojikunja hapa kimeshachoka, na siku kikigongwa tena hakitazuia kitu." Akauonyesha ubavu wa kushoto. "Nani alikuwa amekaa huku?"

"Mke wangu," shemeji akasema.

"Yuko hai?"

"Yuko nyumbani. Mkono."

Mhandisi alitikisa kichwa. "Basi gari limefanya lilichoweza. Usilidai zaidi."

Shemeji akakaa juu ya tairi kuukuu. Magoti yake yalikuwa yamejaa chaki. Kisha akauliza, akiwa hamtazami mtu, "Kama lingekuwa linakwenda pole pole?"

"Mimi napima chuma, baba."

"Lakini unajua."

Mhandisi alikunja futi yake taratibu. Alinitupia jicho mimi, kana kwamba ananiomba ruhusa, halafu akamrudia. "Najua. Ingekuwa nusu ya mwendo ule, leo tungekuwa tunazungumza habari ya taa na boneti."

Pembeni mtu alikuwa akipiga msasa mlango wa gari jingine, akaacha, akaanza tena.

Mhandisi ndiye aliyeyarudisha mazungumzo kwenye kazi. Alitueleza kwamba kampuni imekosea, ila si pale tulipodhani. Gari halitengenezeki, hapo wako sawa. Lakini mkaguzi wao alilihesabu lina umri wa miaka miwili zaidi ya ulioandikwa kwenye kadi ya gari, na injini mpya, ambayo risiti zake zipo, hakuitaja kabisa. "Gombaneni nao kwenye thamani," akasema. "Kwenye kufa kwake msigombane."

Tulirudi nyumbani. Dada alikuwa sebuleni, kwenye kile kigoda chake cha wateja. Plasta ilikuwa imetolewa siku nne nyuma, na mkono ulikuwa mwembamba, ngozi inabanduka. Mbele yake aliweka kile kichwa cha plastiki chenye nywele anachofundishia wanafunzi. Alikuwa anajaribu kugawa njia kwa mkono wa kushoto. Njia ilikuwa imepinda.

"Anasemaje?" akauliza, bila kugeuka.

"Wako sahihi," shemeji akasema. "Halitengenezeki."

"Na wewe umekubali?"

"Nimepima mwenyewe."

Nilitaka niwapishe. Dada akaniambia, "Kaa," nikakaa.

Aliweka kitana chini. "Kwa hiyo mwenzangu amekwenda. Sasa na mimi zamu yangu imefika?"

Shemeji akapangusa chaki magotini.

"Wiki ya saba hii," dada akasema. Hakupandisha sauti, ingekuwa nafuu angepandisha. "Kila jioni taa, boneti, spea, mkaguzi. Umelala chini ya lile gari kwenye matope. Mkono huu hujaushika hata mara moja. Daktari alipofungua plasta, aliyekuwa amenishika bega ni mdogo wangu huyu."

"Nilikuwa najiambia likitengemaa..." Aliishia hapo. Akajaribu tena. "Nilidhani likitengemaa, itakuwa kama halikupigwa sana."

Dada akamngoja.

"Ulinambia nisimame," shemeji akasema.

"Nilikwambia."

"Ulinambia."

"Mara mbili."

"Mara mbili," akarudia.

Pole alikuwa ameshazisema nyingi tangu hospitalini, zimejaa hata hazihesabiki. Lakini maneno haya yalikuwa hayajawahi kutoka kinywani mwake. Dada alifumba macho akayafumbua. Hakumwambia yamekwisha, wala hakumwambia usijali. Nadhani hata angesema, asingesadikika.

Shemeji alivuta kiti, akakaa mbele yake, akanyoosha mikono yake yote miwili. Ilichukua muda kabla dada hajaweka wa kwake juu. Shemeji akaanza kumgusa kwa ukucha, kutoka kifundoni kuja chini, sehemu kwa sehemu, kama anavyotafuta bomba la gesi linapovuja.

"Hapa?"

"Hapana."

"Hapa?"

"Hapana."

"Hapa?"

"Hapo kidogo. Kama vile umevaa glovu."

Ndipo nilipotoka, nikawaacha.

Barua ya tatu niliiandika mbele ya shemeji, na alinikataza maneno makali. Tuliandika kwamba hatupingi uamuzi wa hasara kamili. Tunapinga umri wa gari na thamani yake. Tukaambatisha ripoti ya mhandisi, nakala ya kadi na risiti za injini. Ofisa wa madai alitimiza ahadi yake. Siku ya kumi na mbili alipiga simu mwenyewe, akakiri kosa la miaka, akapandisha malipo. Hayakufika pale alipopaweka mhandisi. Nilimwambia shemeji kwamba mkataba unaturuhusu kuitisha mkaguzi wa tatu, na kwamba tukikaza kamba tunaweza kupata kilichobaki.

"Hapana," akasema. "Dada yako ana miadi na daktari wa mishipa ya fahamu wiki ijayo. Sitaki siku hiyo niwe ofisini kwa watu."

Akatia saini. Lori la kukokota lilipokuja kulichukua gari, yeye hakuwepo. Alikuwa hospitali, kwenye benchi la nje ya chumba cha upasuaji alimokuwa dada, na mimi ndiye niliyewafungulia geti la gereji wale watu wa lori. Walilivuta kinyumenyume. Mmoja akaniuliza kama kuna kitu chochote chetu ndani, nikasema hakuna.

Pesa za bima zililipa upasuaji na mazoezi ya miezi mitano. Kidole cha mwisho kiliamka. Cha pembeni yake bado kimelala, na daktari amesema tusitegemee. Mtungi wa gesi ya majokofu shemeji sasa anaupandisha basi, umefungwa kwenye gunia ili kondakta asilalamike. Asubuhi kabla ya kwenda kazini anamkunja dada vidole kimoja kimoja, mara ishirini, kama walivyomfundisha kliniki. Siku nyingine wanazungumza, siku nyingine hapatoki neno. Kuna vitu dada bado hajamsamehe, na ameniambia hivyo bila kuficha.

Vya ulezi hasuki tena. Jumamosi iliyopita alinipigia simu akataka nimchapie tangazo la mlangoni, akanisomea mwenyewe: misuko mikubwa kila siku, midogo ni Ijumaa na Jumamosi tu, msaidizi akiwepo. Nilimuuliza kama tuweke sababu.

"Ya nini?" akasema. "Weka saa za kufungua."

Nikaweka. Jioni shemeji alilifunga mlangoni kwa skrubu nne, na asubuhi yake mteja wa kwanza alikuwa ameshafika kabla ya saa mbili.