Dawa ya Dakta Amsden

Chupa ile tuliipata pamoja, mimi na jirani yangu Verlin Haskett, kwenye shimo la choo cha zamani nyuma ya nyumba iliyokuwa inabomolewa karibu na reli. Hapa kwetu Ohio watu wa kale walitupa kila kitu chooni. Ukichimba miaka mia baadaye, harufu imekwisha zamani, umebaki udongo mweusi na vioo.

Tulishuka futi tano tukiambulia vigae tu. Mara Verlin akaweka sepetu kando, akaanza kufukua kwa vidole. Akatoa chupa ya rangi ya kahawia, nzima, kizibo mahali pake, na ndani dawa nusu. Maandishi yalikuwa yamechomoza kwenye kioo chenyewe: Dawa ya Dakta Amsden, kwa Kifua, Ini na Huzuni.

"Usiitikise, we!" alinifokea, na hata sikuwa nimeigusa.

Ana chupa zaidi ya mia nne, lakini hiyo ndiyo pekee iliyokuwa bado na dawa yake. Akaiweka kwenye kabati la sebuleni. Chama chetu cha wakusanyaji wa chupa kikampa utepe wa buluu wa mshindi wa kwanza, na hakuna mgeni aliyeondoka pale bila kusimuliwa habari zake.

Mwaka uliofuata, Jumapili moja asubuhi, alinigongea mlango akiwa na soksi tu miguuni.

"Washa gari! Mama Opal amekunywa Amsden!"

Opal ni mama mkwe wake, ana miaka themanini na sita, na kikohozi kilikuwa kimemsumbua wiki nzima. Nilimkuta jikoni kwa Verlin, na gauni la kulalia, ametulia, kijiko mezani, chupa tupu.

"Umekunywa kiasi gani, mama?" nikamuuliza.

"Vijiko vitatu. Iliyobaki nikaimalizia kwa mdomo. Si imeandikwa ya kifua? Sasa kelele za nini?"

Verlin alikuwa ameshapiga simu, akaambiwa tumpeleke hospitali upesi na chupa tuibebe. Sisi wachimbaji tunajua dawa zile zilitiwa nini: afyuni, pombe kali, hata zebaki. Verlin alijaribu mara tatu kumfunga mama mkwe wake mkanda wa gari, akashindwa. Nikaufunga mimi.

Njiani tulimpitia mkewe, Darlene, aliyekuwa kanisani akipika chapati za maji za kuuza ili kuchangia kikosi cha zimamoto. Alitoka na aproni, unga mpaka kwenye nyusi. Verlin akamweleza kwa pumzi moja. Darlene akatazama chupa, akamtazama mama yake, akaketi chini pale kwenye ngazi.

"Ni chai," alisema.

"Chai gani?"

"Chai ya rangi na asali ya miwa. Kabla ya Pasaka nilikuwa naipangusa vumbi jikoni, kizibo kikachomoka, dawa yote ikamwagika kwenye sinki. Niliogopa kukwambia, Verlin. Ulivyokuwa unaipenda!"

"Chupa uliiosha?"

"Mara nne, kwa maji ya moto na sabuni."

Verlin aliegemeza paji la uso kwenye paa la gari. Nilidhani amekasirika. Kumbe alikuwa analia, na huku anacheka, mabega yanaruka.

"Chai," alisema. "Jamani, chai!"

"Kwa hiyo mmenileta mbele ya kanisa zima na gauni la kulalia kwa ajili ya chai?" Opal akauliza kutoka kiti cha nyuma.

Hospitali tulikwenda hivyo hivyo. Daktari alimsikiliza kifua, akatukalisha saa mbili, maana chai iliyokaa miezi kadhaa nayo ingeweza kumsumbua tumbo. Haikumsumbua. Alilala kwenye kitanda cha magurudumu, akikoroma kidogo, na kila alipokoroma Verlin aliinuka kumtazama, halafu akarudi kukaa na kushika mkono wa mkewe. Mara moja tu nilimsikia akinong'ona, "Ungeniambia tu, Darlene."

"Najua."

Alipoamka, Opal alisema ana njaa. Tukarudi kanisani sote wanne. Chapati zilikuwa zimepoa lakini siagi ilikuwepo, na Verlin alikula saba akiwa amesimama, bado na soksi zake.