Malengelenge Kwenye Pua ya Ndege

Usiku wa jana niliota ile ndege ndogo anayoirusha mwanangu Aikande imekuja nyumbani kwangu, inaomba ipelekwe zahanati.

Ilipita getini, ikainamisha bawa chini ya kamba ya nguo, ikasimama mbele ya jiko.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Kwa umri nadhani inanizidi, lakini ni ya mwanangu, nikaona niipokee tu. "Unaumwa nini?"

"Ngozi ya pua."

Nikaangalia. Kile kifuniko cha bati kinachofunika injini kimebabuka upande mmoja, kwa chini. Rangi ya bluu imeumuka malengelenge. Nikajifunga kanga ya pili, tukaondoka.

Mara tuko kwenye benchi la zahanati. Ndege imekunja mabawa magotini, ina adabu. Daktari ni kopo la rangi, kavaa koti jeupe. Haangalii mgonjwa.

"Apakwe asubuhi, apakwe na jioni," anasema, huku anaandika.

"Daktari, hujamuuliza ilianzia wapi."

"Mama, ni rangi tu."

Lengelenge moja likapasuka, ganda likainuka kama mtu anayetaka kuchangia kwenye mkutano. "Samahani. Mimi sijabanduka. Nimekimbia."

"Umekimbia nini?"

"Joto. Ningekuwa nimepakwa juu ya uchafu, ningetoka vipande vipana, popote pale. Lakini mimi nimeungulia hapa hapa. Ndani bomba la moshi lina ufa, linanipulizia moto mgongoni. Na yule aliyepakwa kabla yangu alikimbia hivi hivi."

Daktari akafunga mfuniko wake. Zamu yake imeisha.

Anaingia Bwana Kileo, mwenye ndege, na brashi mkononi. "Mama Aikande, Krismasi hiyo. Watu wanarudi nyumbani, wageni wanatua. Wewe huku kwenu Desemba unaacha ukuta bila rangi?"

"Siachi."

"Basi."

Anapaka lile ganda mdomo. Anapaka pua ya ndege. Kisha ananigeukia, ananipaka na mimi mdomo, taratibu, bila kuchafua kanga. Ladha yake ni kama dawa ya minyoo. Ndege inaniangalia, haisemi kitu. Na mimi sisemi.

Nikakaa vizuri kwenye benchi, nikakuta ni benchi la msiba. Tuko nyumbani kwangu, turubai limefungwa, migomba yote imepakwa bluu. Mbele kuna jeneza la bluu, linang'aa, na kibao juu yake: USIGUSE, RANGI MBICHI. Najua aliyemo. Nanyoosha mkono, dada mmoja wa mapokezi ananishika kiwiko. "Utaharibu, mama. Subiri ikauke."

Nikasubiri. Wakasema itakauka baada ya mazishi.

Bwana Kileo anasoma rambirambi. "Ni mapenzi ya Mungu."

Watu wanaitikia amina.

Bomba la moshi, lililokaa na wazee, linanyoosha mkono. "Jamani, msimsingizie Mungu. Ni mimi. Ufa huu hapa."

Shemeji yangu Ndelilio analigeukia. "Kaa chini, bwana. Hayo si ya kusemea msibani. Chakula kinapoa."

Linakaa. Linapewa sahani. Linakula.

Nikaanza kuukwangua mdomo wangu kwa kucha, ili niseme. Nikakwangua mpaka nikaamka.

Kumekucha. Aikande alilala hapa nyumbani, na leo anarudi kurusha. Juzi aliniambia ndege yao imepakwa kwa ajili ya sikukuu, imependeza, akacheka. Hakuniambia zaidi. Nikatoka kuanua shati lake jeupe la kazi nililolifua jana. Begani palikuwa na ganda la rangi, dogo kama ukucha. Juu bluu. Nikalitazama ubavuni: chini ya bluu kuna bluu nyingine, na chini yake nyingine. Upande wa mwisho ni mweusi kama tako la sufuria.

Nilirudi ndani, nikafunga mlango wa chumba chake kwa kufuli, kwa nje.

Nawaandikia ninyi wenye watoto. Mtu akikwambia ni rangi tu, muulize inakimbia nini. Usikubali aipake kabla hajakujibu.

Anagonga sasa hivi ninapoandika. "Mama, fungua. Bosi anapiga simu. Mama, mimi ni mtu mzima."

"Najua, mwanangu."

"Watu watanisema nini kazini? Kwamba nimefungiwa na mama yangu?"

Nimeinama, nimempenyezea lile ganda chini ya mlango, upande mweusi ukiwa juu.

Simu yake bado inaita. Kugonga kumekoma.