Kijiko Kimoja

...na kalamu yenyewe wameifunga kamba kama mbuzi, kamba fupi, ukiipeleka chini kwenye karatasi ya kura inakuvuta mkono, nani ataiba kalamu ya namna hii, wao wameiba barabara na mabomba ya maji halafu kalamu ndiyo wanaifunga, haya, taa iko juu, kengele katikati, kijiko chini kabisa pale kamba inapokaza, picha tatu tu, na mimi nimesimama ndani ya kibanda cha maboksi kwenye darasa linalonuka chaki kana kwamba nimeletewa mtihani, wakati nimetoka nyumbani nikilijua jibu, taa, weka alama kwenye taa utoke, kwa sababu watu wa kengele ndio waliomuua mwanangu, na kalamu hii leo ni kisu, ndivyo alivyoniambia mdogo wangu asubuhi akinishika bega, dada, leo unalipa kisasi bila kumwaga damu, ikate kengele shingo, nikasema sawa, na nilisema kwa moyo wote, nilitaka shingo, bado naitaka, naitaka shingo ya yule mchuna ngozi aliyekuwa akifanya kazi na sisi machinjioni, aliyekula kwangu, aliyekuwa akiniita mama, nimemwota nikimning'iniza kwenye ndoano kwa kisigino kama tunavyoning'iniza fahali, nikimpasua taratibu kutoka kitovuni, nikiuosha utumbo wake kwa maji baridi kama ninavyoosha wa ng'ombe kila siku ya Mungu, nikiamka vidole vinauma kwa kukunja ngumi... mama wa kibanda cha mwisho, umemaliza, ni karani, ana mafua, bado, nasema, usiwe na haraka mama yangu lakini foleni ni ndefu, kana kwamba mtu anaweza kuyafanya yote mawili.

Dirisha la darasa lina wavu, na kupitia wavu namwona mdogo wangu nje ya geti, kwenye kivuli cha ukuta, leo rangi za vyama zimekatazwa basi amevaa soksi za bluu na suruali ameikunja ili zionekane, mtu mzima mwenye mvi, kiongozi wa vijana wa taa, soksi, bluu ni ya taa na nyekundu ni ya kengele, na mwanangu alikufa kwa ajili ya bluu ambayo hata haikuwa ya chama, ilikuwa kitambaa, alipewa fulana ya bure na huyuhuyu mjomba wake, akaivaa siku moja, akasema mama hii inachubua kwapa, ngoja nayo ifanye kazi, akaichana akafunga mpini wa kisu chake, maana machinjioni kila mtu hufunga kitambaa kwenye mpini, damu ikikolea mpini unateleza, na visu vyenyewe vinafanana, kitambaa ndicho kinachosema hiki changu na kile chako, shuka kuukuu, gunia, mguu wa suruali, hakuna aliyewahi kuuliza rangi, mpaka kampeni zilipopamba moto na vijana wa kengele wakaingia uani mchana kweupe wakitafuta bluu, hawakutazama nyuso, walitazama mipini, na mbele yao mchuna ngozi, anamjua, wamekula sahani moja, akakiona kitambaa akasema kumbe na wewe, akamchoma chini ya mbavu, mahali anapochoma mtu anayeijua kazi, akakizungusha kisu kama anavyokizungusha kwenye kiungo, na mimi nina ndoo ya matumbo mkononi, sikuiweka chini, kwa nini sikuiweka chini, nilisimama na ndoo mpaka damu yake ikafika kwenye buti zangu, na damu ya mtu haina tofauti na ile nyingine, wanaosema inanuka tofauti ni waongo, halafu vijana wa taa wakafika na marungu, na wao wakasimama, nao wakauliza, huyu ni wetu au wao, mtoto anapumua kwa kidonda na watu wanauliza huyu ni wa nani.

Aliyepiga magoti ni mkaguzi, mkaguzi wa nyama, mwanamke mrefu mwenye koti jeupe, alilivua koti akaligandamiza kwenye kidonda kwa mkono wa kushoto kwa sababu vidole vya kulia vilikwisha kuvunjwa, mheshimiwa wa taa alileta fahali mgonjwa, mkaguzi akapasua ini, akaona, akakataa kupiga muhuri, wakamvunja vidole viwili kwa mlango wa chumba cha baridi, alipopona akaletewa fahali wa mheshimiwa wa kengele, akapasua ini kwa kushoto, akaona, akakataa, wakamvunja vilivyobaki vya mkono uleule wa kulia, haulizi ng'ombe wa nani, anapasua ini, na siku ile aliligandamiza lile koti mpaka likawa zito, hakuuliza rangi ya kitambaa, ndiye huyu wa chini kwenye karatasi, hana chama, alama ya kijiko alipangiwa tu, watu wakacheka wakashika mbavu, kijiko, atatunywesha uji, mdogo wangu alicheka mpaka akakohoa, dada, kijiko hakichimbi hata kaburi la panya.

Lakini mwanangu hakucheka, ah, alicheka lakini kivingine, alikuwa ananoa kisu mlangoni akasema mama, mkaguzi atapata kura tatu, yake, yangu na yako, nikamwambia kelele, mjomba wako asikusikie, akasema asikie, mimi naye tunakula nyama ileile, mkaguzi peke yake ndiye aliyekataa nisile sumu, si basi, nimtafute mwingine wa nini... na mazishini walikuja waheshimiwa wote wawili, yule wa taa akalifunika jeneza kwa bendera ya bluu akasema amekufa shujaa wetu, yule wa kengele akasema tunalaani vurugu, uchungu wa mwana aujuaye mzazi, akaniambia mimi, akapenga kamasi, halafu nikawaona kando ya magari yao, mmoja anamwashia mwenzake sigara, wanacheka kwa tumbo, na watu hutuambia fahali wawili wakipigana ziumiazo nyasi, mimi nimewaosha fahali matumbo maisha yangu yote, hawa hawapigani, hawa wanalishwa kwenye hori moja, na mkaguzi aliketi jikoni akaosha vyombo kwa ule mkono wake mmoja, nikamwambia utaniomba kura leo, akasema leo hapana, akaendelea kusugua sufuria.

Mdogo wangu ana methali moja tu siku hizi, heri nusu shari kuliko shari kamili, dada, najua taa ina moshi lakini kengele ndiyo iliyokuulia mtoto, ukimpa mkaguzi umewapa wao, kura imepotea, nusu shari, dada, lakini nusu shari ni nini, machinjioni ukikuta ini hili limeoza lote na lile limeoza nusu hatuli lile la nusu, tunayatupa yote shimoni na kumwaga chokaa, nusu shari nimeizika mimi ikiwa imefunikwa bendera, na jana akaongeza, akiniangalia machoni, kwenye kituo kile hakitatoka hata kijiko kimoja, kikitokea tutamtafuta aliyekishika... na yule ni nani, yule anayevuka barabara, anatembea kama, ni yeye, ni mchuna ngozi, nimeshika kalamu mpaka kamba inalia, polisi walisema hajulikani aliko na huyu hapa anakuja getini mchana, mdogo wangu amemwona, muue, mdogo wangu, ndiye huyo, mvunje shingo, simama basi, anasimama, ananyoosha mkono, anampa mkono, wanaongea, mchuna ngozi anainama anakunja suruali, anacheka, soksi, amevaa soksi za bluu.

Mama, uko salama, ni karani, nasema bado kidogo, soksi za bluu, amehamia, kura ni kura, hesabu ya mdogo wangu hiyo, anamshika bega kama alivyonishika mimi asubuhi, kwa mkono uleule, na sasa mkono wangu unataka kupasua karatasi hii, kupasua kibanda, kutoka na kalamu kuwachoma jicho mmoja baada ya mwingine, na kengele iko hapa katikati, nikitaka kumkomoa ndugu yangu niweke kengele, ona jinsi kisu kinavyogeuka haraka, asubuhi kilikuwa cha taa sasa kinataka kuwa cha kengele, na mwenye kushikwa ni mimi, ng'ombe anavutwa pembe hii na pembe hii na kote kunaelekea ndoanoni, hapana, tulia mama, nikiweka kijiko kwa hasira ya soksi nacho kitakuwa kisu, pumua, ungemchagua nani kama hakuna aliyekufa, kama mtoto yuko mlangoni ananoa, ungemchagua mkaguzi, ulijua tangu siku ile uliyomwambia kelele, na wanaosema imepotea wanadanganya, kura iliyopotea haitafutwi na watu wenye marungu, sanduku zima la taa hawataliangalia mara mbili, kijiko kimoja watakihesabu wakisimama, watakigeuza kwenye mwanga, watauliza nani, na kesho kituo kingine mtu aliyedhani yuko peke yake atasikia kwamba kule kwa wachinjaji kilitoka kimoja, haba na haba hujaza kibaba, na haba huchotwa kwa kijiko, mdogo wangu, wataniuliza nani, nitasema mimi, niko hapa, nimesimama na ndoo, safari hii naiweka chini... anapunga mkono kuelekea huku dirishani, ndugu yangu, ananionyesha dole gumba, mwingine kando yake ananionyesha dole gumba, shingo zao zote mbili ziko palepale na mimi bado nazitaka, Mungu ananiona, mama wa mwisho, umemaliza, bado, kamba ni fupi, inabidi niivute mpaka chini.