Ncha Isiyovikwa Kofia

Saa mbili na robo asubuhi, uzi mweupe ulikuwa umetoka kwenye kichupa cha maabara, ukapita chini ya mlango na kufika benchi la wageni. Ncha yake ilishika mkono wa shati la mgane aliyekuja kila juma kuomba damu ya mkewe iliyobaki, akaizike alikozikwa mwenyewe.

"Mzee, leo umefungwa kama mbuzi," mlinzi alisema.

"Afadhali, aliyenifunga namjua. Hata sokoni alikuwa akinishika hapa hapa, eti nisipotee. Mtu mzima mimi!"

Mkemia aliufuata uzi hadi kichupani, akaona kosa lake. Uzi ulikuwa DNA ya marehemu mke wa mzee. Damu ilichukuliwa wodini kwa ajili ya vipimo. Mgonjwa alikufa, damu ikabaki kazini. Kazi ya mkemia ilikuwa kubandika kishikio cha kemikali kwenye ncha moja ya kila uzi, kinase protini, na ncha ya pili kuivika kofia isishike kitu. Jana alisahau kofia. Ncha moja ilishika protini. Nyingine ilikwenda kutafuta.

Mkurugenzi aliitwa. Aliuvuta uzi kidogo.

"Umeshika vizuri. Na protini haikuachia?"

"Haikuachia."

"Basi njia yetu inafaa. Kata."

"Bosi, mzee anaomba tone moja tu."

"Sampuli ni mali ya taasisi. Mpe pole."

Mkemia alimpa pole. Mgane aliipokea kwa adabu, akauliza kama angeweza kukaa hadi uzi uachie wenyewe. Mkemia alimweleza kwamba kifungo cha aina hii hakiachii. Ndiyo faida yake.

"Hilo kweli," mgane alisema. "Basi, binti yangu, katia kule kwenu, upande wangu ubaki mrefu."

Mkurugenzi alionyesha kwa kidole penye shati. Mkemia akakata hapo.

Mchana alitengeneza nyuzi mpya kutoka damu ile ile, akazivika kofia zote na kuzikagua. Zilishika protini, hazikushika kingine.

Mgane alikuwa bado benchini, mkono ule ulioshikwa ameunyoosha kuelekea mlango wa maabara. Jioni mlinzi alipofunga jengo, alimsindikiza hadi getini akiwa amemshika mkono wa pili.