Jogoo wa Kumjaribu Afande Opoka

Dada yangu Docus alishuka basi la kutoka Kisumu hapa Kampala akiwa na jogoo mwekundu kwapani, samaki wa moshi kikapuni, na uamuzi kichwani. Jogoo alikuwa wa wakwe. Samaki alikuwa wangu, mbuta mnene ambaye nilikuwa nimemmezea mate tangu Pasaka. Na uamuzi ulikuwa kwamba binti yake Vera haolewi na Mwislamu.

"Nimekuja tu nione kwa macho," akasema. "Nisije nikaambiwa nimehukumu mtu bila kumwona."

Nilifurahi kumwona, lakini furaha hiyo haikufika Kawempe, ninakokaa. Njia nzima alinihubiria. Watambadilisha Vera jina, watamletea wake wenza, watamzuia hata kuja kumzika mama yake. Nikamwuliza amewajua Waislamu gani. Akamtaja mmoja tu, jirani aliyekuja kwenye matanga ya mume wake, akashinda pale kutwa nzima bila kugusa chakula.

"Alikaa na njaa yake, Adero, akituona sisi wachafu."

Niliona jambo hilo bado linamuuma, na kwa hilo nilimhurumia. Kwa hayo mengine nilitamani kumrudisha kwenye basi.

Nilimweleza habari za watu wenyewe. Ocira, mchumba wa Vera, ni fundi umeme, kijana mpole aliyekuwa mteja wangu Wandegeya, ninakouza samaki wa kukaanga, na hapo ndipo alipomwona Vera akinisaidia. Baba yake, Afande Opoka, ni sajini wa polisi, Mwacholi, na ukoo wao ni Waislamu tangu babu yake aliyekuwa mwanajeshi. Mama yake, Alanyo, ni Mkatoliki asiyekosa misa. Ocira alifuata msikiti, dada yake Adoch anaimba kwaya, na wote wanalala nyumba moja bila kuumana. Na sasa walikuwa wametualika Krismasi.

"Mwislamu ananialika Krismasi?" Docus akauliza. "Krismasi ya nani?"

Asubuhi ya Krismasi niliamshwa na harufu ya kitunguu. Nilipotoka uani nikakuta manyoya mekundu yametapakaa, na dada yangu anakaanga jogoo huku akiimba wimbo wa kanisa. Alikuwa amemchinja mwenyewe.

"Akila chakula cha mkono wangu, nitakubali," akasema. "Akikataa, narudi na Vera Kisumu."

"Dada, unajua kabisa hawezi kula kuku aliyechinjwa hivyo!"

"Basi ajue kwamba hata mimi naweza kukataa."

Damu ilinichemka kuliko ile sufuria. Mtihani gani huo, jibu lake limeshakaangwa? Vera alikaa mlangoni na gauni lake jipya, machozi yanamtiririka, na Docus akajitia hamnazo. Akafunga sufuria kwa kitenge, akaiweka kikapuni juu ya samaki wangu, maana alisema paka wa mtaa huu hawana adabu na samaki huyo hatumwachi hapa. Tukaondoka.

Afande Opoka na jamaa yake wanakaa kwenye nyumba za polisi, chini ya kilima cha Old Kampala. Tulipoingia uani tulikuta foleni. Wanaume kwa wanawake, wamevaa nguo zao za kanisani, kila mmoja na kuku anayepiga kelele. Mmoja alikuwa na batamzinga mwenye hasira. Kule mbele alisimama mwanamume mrefu mwenye kofia ya Kiislamu, mikono ya kanzu ameikunja, kisu mkononi.

Docus akanibana mkono. "Yesu wangu. Amewalazimisha."

Mbele yetu alikuwepo mama mmoja mwenye rozari shingoni na bata kifuani, mke wa koplo Olanya. Docus akamsogelea na kumnong'oneza, nani amewaamuru kufanya hivi? Yule mama akacheka mpaka bata akataka kumponyoka.

"Kuamuru? Banange, jamani! Nyabo, mama yangu, sisi nakuja wenyewe. Krismasi hapa mutu nakula kila nyumba. Kama mimi nachinja mwenyewe, Afande nakula nini kwangu? Sasa yeye nachinja kuku ya watu yote, halafu hakuna mulango nafungwa. Siku ya Idi, bwana yangu nachukua zamu ya Afande ya kulinda geti."

Nilimgeukia dada yangu nikiwa na maneno makali tayari, maana nilikuwa nimeyaweka akiba tangu alfajiri. Nikayameza. Docus alikuwa anatazama kikapu chake.

"Hakuna aliyemwuliza," akasema. "Yule jirani. Alikuja kunililia mume wangu, akakaa kutwa na njaa, na hakuna hata mmoja wetu aliyemwuliza atakula nini."

Sikuwahi kumpenda dada yangu kama dakika ile.

Alanyo akatuona, akaja mbio, akapiga magoti kutusalimu. Lakini alikuwa amekakamaa, macho yanamtembea. "Mama Vera, karibu sana. Watu naniambia Wakenya nafoka, hawana tafadhali. Wewe foka tu, hapa ni kwako."

Nikaangua kicheko peke yangu. Kumbe na wao walikuwa wametuandalia jina letu!

Tukaingia ndani. Chakula kikapangwa: matoke, wali, malakwang, ile mboga yao chachu ya simsim, na kuku waliotoka foleni. Alanyo akaifungua sufuria yetu. "Gweno!" akasema kwa Kiacholi, na Docus akaitikia "gweno" kwa Kijaluo, maana kuku kwao na kwetu ni neno moja. Wakatazamana, wakatabasamu kidogo. Afande Opoka alikuwa amenawa na kuketi. Akaitazama sufuria kwa mapenzi ya kweli.

"Hii nanukia vizuri. Nani alichinja?"

Mimi nilikuwa na uongo wangu tayari mdomoni, jirani fulani wa Kawempe, mtu wa swala tano. Docus akaniwahi.

"Ni mimi, Afande. Nilimchinja kwa kusudi, nione kama utakataa chakula changu. Ukikataa, nimchukue binti yangu twende."

Ocira alimtazama baba yake kama mtu anayesubiri hukumu ya mahakama. Mzee akakuna kidevu.

"Kuku, mimi nakataa," akasema. "Lakini wewe, Mama Vera, sijakataa. Nini ingine iko kwa kikapu?"

Docus akanitazama. Nikatikisa kichwa. Nilitikisa kwa nguvu zangu zote, lakini mkono wake ulikuwa umeshazama kikapuni, na mbuta wangu akatoka, mwekundu, anang'aa mafuta.

"Samaki!" Afande Opoka akapiga paja. "Huyu hakuna mutu nachinja. Yeye natoka kwa maji tayari!"

Alanyo akamchukua, akamchemsha kwenye mchuzi wa simsim. Docus alimpakulia mzee kwa mkono wake mwenyewe, kisha akasimama pale pale, hakai, anamtazama akila kama anayemlisha yule jirani wa matangani. Mzee alikula mpaka akaomba kichwa. Akafyonza miiba mmoja mmoja. Dada yangu alilia waziwazi, akicheka, akimwongezea. Jogoo wetu naye hakudharauliwa: Alanyo, Adoch na jirani zao walimmaliza na mchuzi wake.

Wakati wa kuaga, Vera akamshika mama yake mkono. "Mama, sasa?"

Docus alikwenda kwa Afande Opoka, akamkabidhi kikapu kitupu.

"Kaa nacho, Baba Ocira. Siku ya harusi nitakuja na majogoo wazima, wanawika. Kisu ni chako."

Vera alimrukia mama yake shingoni, na Ocira akasahau upole wake wote, akaruka kama amepigwa na umeme wake mwenyewe. Adoch akapiga kigelegele, Alanyo akapokea, kambi nzima ikaitika bila kujua sababu. Nikapiga na mimi, kwa furaha isiyo na kifani, ingawa nilirudi Kawempe bila hata mwiba wa samaki wangu.