Mzee Shigela Anakula cha Nani

Mzee Shigela hakuwa mtu wa kusema "nimekubali" wala "nimekataa." Kijana akimtaka binti yake Milembe, mzee alikwenda kula naye hotelini Somanda, na jibu lilitoka pale pale mezani. Akikuacha ulipe, amekula chako, umeshakuwa mkwe. Akilipa mwenyewe, hata chai ya rangi tu, basi nenda zako. Sadick fundi cherehani alijibiwa hivyo, na alikuwa kijana mzuri, maskini.

Siku hiyo ilikuwa zamu ya Salu. Alitoka kijiji chao cha ujamaa amevaa shati la kuazima lililombana kwapani. Gharib, mwenye hoteli, aliwaletea supu, chapati na chai yenye sukari, heshima kubwa mwaka ule ambao sukari ilipatikana kwa kujuana. Mzee alikula. Salu hakusikia ladha ya chochote. Macho yake yalikuwa kwenye mfuko wa koti la mzee, na kila mkono ulipoelekea huko roho ilimruka. Mara mzee akaupeleka kweli, akatoa leso, akajifuta jasho. Salu nusura azimie.

Wakati huo akaingia Kasmiri, tajiri wa ng'ombe, ambaye mwanawe naye alikuwa akimtaka Milembe.

"Mwangaluka, Shigela."

"Mwangaluka."

Akaenda kunong'ona na Gharib, kisha akatoka akitabasamu. Salu alilichukia tabasamu lile kabla hajajua sababu yake.

Mzee alipomaliza alisukuma bakuli na kutulia. Hakugusa mfuko! Salu aliruka kama aliyekalia siafu, huyo kwa Gharib.

"Weka hela yako, kijana. Imeshalipwa."

"Na nani?"

"Kasmiri. Amelipia meza yenu yote."

"Mrudishie!"

"Nimrudishie vipi, na ameshaondoka? Mtu amefanya wema, mimi nimtukane?"

Mzee amekula cha Kasmiri bila kujua! Salu akinyamaza, mzee atadhani amekula chake, na Milembe atakuwa wake. Lakini Kasmiri hatanyamaza, atatangaza mnadani, na mzee ataonekana mtu wa kula huku na huku. Akisema, atakuwa amempelekea mshindani wake ushindi kwa mdomo wake mwenyewe. Alirudi mezani.

"Baba, sikulipa mimi. Kasmiri amenitangulia."

Mzee alichukua kofia yake, akaivaa, akainuka. Salu akaona Milembe anampotea hivi hivi, kwa bakuli la supu, na machozi yakamlenga. Mzee akasimama kidogo akiutazama mlango aliotokea Kasmiri. Kisha akaketi tena.

"Gharib! Lete supu nyingine. Na chapati."

"Mzee wangu, hujashiba?"

"Nimeshiba mpaka hapa," akasema, akigusa koo. Akamgeukia Salu. "Safari hii kalipe kwanza, mwanangu. Nataka nile nikijua ninakula cha nani."

Salu alilipa kwa mikono yote miwili. Mzee akalegeza mkanda, akaanza kula kwa taabu, akipumzika na kuhema kila baada ya kipande, na hakuinuka mpaka bakuli likabaki mfupa mtupu.